Mzizi Uliobaki

Mwezi uliopita nilizibwa jino hapa Mwanza, na siku kadhaa baadaye lilikuwa bado linaniuma, hasa nikinywa chai. Nikarudi. Daktari alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alinilaza kwenye kiti, akavuta taa, kisha akafungua kichupa kidogo cha mafuta ya karafuu. Harufu ilipopanda puani nilikamata mikono ya kiti kwa nguvu mpaka akasimama.

"Nimekuumiza?"

"Bado hujanigusa."

Alicheka, akadhani naogopa sindano, na mimi sikumweleza. Watu wengi wakisikia harufu ya karafuu wanakumbuka pilau ya sikukuu. Mimi namkumbuka mama yangu akiwa amenibeba mgongoni, nami nilishapita umri wa kubebwa, anatembea haraka kwenye barabara ya vumbi bila kugeuka nyuma.

Tulikuwa tunaishi Mwamapalala, kwenye kaya ya bibi yangu mzaa baba. Nilikuwa shule ya msingi, bado najifunza kugawanya. Kiangazi kile nyasi ziliisha mapema, baba akaswaga ng'ombe hadi upande wa Lingeka kutafuta malisho, nyumbani tukabaki wanawake peke yetu: bibi, mama na mimi. Mama nilimwita Mayu, kama watoto wengine wa Kisukuma wanavyowaita mama zao. Simu ya mkononi ilikuwa moja tu kijijini, ya mwenye duka, na huko baba alikokuwa hakukuwa na mtu wa kumpigia.

Gego langu la chini lilikuwa limetoboka siku nyingi. Bibi ndiye aliyekuwa akilihudumia. Alisaga karafuu juu ya jiwe, akaishindilia kwenye tundu kwa ncha ya kidole chake kigumu, huku akiniambia nitazame juu, nihesabu fito za paa. Maumivu yalitulia kwa muda, yakarudi, yakatulia tena. Mpaka wiki moja karafuu ikashindwa kabisa, nikawa nalia darasani, na Mayu akanipeleka hospitali mjini Bariadi kung'oa.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, mpole. Alinichoma sindano ya ganzi, mdomo ukawa mzito kama si wangu, kisha akaingiza koleo. Nilisikia mlio ndani ya kichwa, kama kuni mbichi inapovunjwa gotini. Daktari aligeuza jino kwenye mwanga, akaliangalia kwa muda. Akamwambia Mayu maneno ambayo mimi niliyashika kuliko yeye alivyodhani.

"Lilikuwa limeoza sana, mama. Kuna kipande cha mzizi kimebaki chini. Ni kidogo, nikikitafuta leo nitamuumiza bure. Mara nyingi hujitokeza chenyewe juu ya fizi. Maumivu yatakuwepo siku mbili tatu, halafu yatapungua. Yakizidi badala ya kupungua, mrudishe."

Mzizi umebaki. Utajitokeza wenyewe.

Ili mnielewe, lazima niwaambie kuhusu pamba. Kwetu, mavuno yakiisha, kila kaya hung'oa miti yote ya pamba na kuichoma moto. Bibi alikuwa mkali sana kwa kazi hiyo. Shina likikukatikia mkononi ulipaswa kurudi na jembe, uchimbe, utoe mzizi mpaka mwisho. "Ukiuacha huo," alikuwa akisema, "maji kidogo tu, unachipua. Na wadudu wa mwaka jana wamepata pa kulala." Wiki ileile ya jino tulikuwa shambani, mikono imechubuka, moshi wa mabua ya pamba umetanda hadi barabarani. Nilikuwa nimejionea mwenyewe shina lililosahauliwa karibu na mahali tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Lilikuwa limetoa majani mabichi katikati ya ukame.

Sasa mzizi ulikuwa umebaki ndani yangu. Na daktari mwenyewe alikuwa amesema utajitokeza.

Siku ya kwanza sikuumwa sana. Siku iliyofuata nilikula uji wa vuguvugu, nikacheza kidogo. Nikaanza kuamini kwamba labda mzizi umekufa. Kisha maumivu yakarudi, na hayakuwa yale ya zamani. Ya zamani yalikuwa ya kuchoma, yanakuja na kuondoka. Haya yalikuwa ya kupwita, yalikaa palepale, halafu yakaanza kutembea, yakapanda hadi sikioni, yakashuka shingoni. Nilipopitisha ulimi kwenye lile pengo nilikuta kitu chenye ncha, kigumu, ambacho jana yake hakikuwepo.

Kimechipua, nikajisemea. Kimeanza.

Sikumwambia mtu. Nitaelezaje? Watoto wana mambo ambayo wakiyasema kwa sauti yanakuwa kweli, na mimi nilidhani nikinyamaza huenda yasiwe. Niliamua tu kufanya lile nililoliona la busara. Niliacha kunywa maji.

Mayu alikuwa ameambiwa anisukutulishe kwa maji ya chumvi. Hayo niliyapenda, kwa sababu nilijua chumvi huua majani. Nilisukutua kwa bidii, mara nyingi kuliko nilivyoambiwa, na nikatema yote mpaka tone la mwisho, kisha nikafuta ulimi kwa upande wa gauni. Lakini akiniletea kikombe cha maji ya kunywa nilifunga mdomo. Uji nilikataa kwa sababu una maji. Maziwa nilikataa, nikikumbuka jinsi ndama wanavyokua wakinyonya.

"Kunywa, ng'wanone," Mayu alibembeleza. Mwanangu, kunywa.

Nilitikisa kichwa.

"Koo linauma?"

Nilitikisa kichwa tena, na hilo likamtisha zaidi kuliko kama ningesema ndiyo.

Shavu lilivimba. Kwanza lilikuwa kama la mtu anayetafuna muwa, kisha likashuka chini ya taya, ngozi ikawa ngumu na ya moto. Mdomo ulianza kukataa kufunguka. Nikipanua, ulifika mahali ukagoma kama mlango uliokwama, na mimi nikaelewa kwamba shina linakomaa huko ndani. Kila kilichotokea kilinithibitishia. Sikio linauma: tawi limefika sikioni. Midomo imekauka na kupasuka: mti unanyonya maji yangu. Usiku na mchana nilikuwa nasubiri kuona jani.

Ubishi kati ya Mayu na bibi ulianza jikoni, wakidhani nimelala.

"Nitampeleka tena Bariadi," Mayu alisema. "Daktari alisema yakizidi tumrudishe."

"Jino si wamelitoa?" bibi akauliza.

"Wamelitoa."

"Basi kinachouma ni nini? Niambie. Kitu hakipo, kitaumaje? Hapo pana jambo jingine, na jambo jingine halitolewi kwa koleo."

Nafikiri hata Mayu swali hilo lilikuwa linamtatiza. Bibi hakuwa mjinga wala mkatili. Alikuwa ameliona jino linaondoka na maumivu yanabaki, akafuata fikra yake mpaka ilipomfikisha. Alitaka amwite mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyetoa wadudu wa meno. Mzee huyo alikuwa akichanja fizi kwa kisu, kisha anaingiza waya uliopashwa moto.

"Mama, nakuomba," Mayu alisema. "Tusubiri kwanza baba yake arudi."

"Baba yake atarudi lini? Na huko hospitali unakokusema, mimi nilimpeleka Holo akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Nilirudi na kanga zake."

Holo alikuwa shangazi yangu, mdogo wa mwisho wa baba. Nilimjua kwa picha moja tu ukutani. Jina hilo lilipotajwa, nilimsikia Mayu akianza kukusanya vyombo. Mkwe hawezi kujibu juu ya neno kama hilo.

Mzee alikuja asubuhi, jua likiwa bado la rangi ya chungwa. "Mwangaluka," alisalimia mlangoni, akavua kofia kwa adabu. Alikuwa mwembamba, msafi, amebeba mfuko wa ngozi. Bibi alimkaribisha kigoda, akawasha mkaa. Nililetwa nje, nikaketishwa kwenye mkeka, nikaegemezwa kwenye miguu ya bibi. Mzee alinigusa shavu kwa mgongo wa mkono. Akatoa waya, akaulaza kwenye makaa.

Niliutazama ule waya ukianza kuwa mwekundu. Sitaki kusema uongo: sehemu yangu moja ilifurahi. Pamba huchomwa, basi hata mzizi huu utachomwa, maumivu yataisha. Lakini mwili haukukubali. Nilijikojolea pale kwenye mkeka. Ulikuwa mkojo kidogo sana, mweusi kama chai ya rangi.

Mayu aliuona. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono imefungwa kifuani kama mwanamke anayeangalia mambo ya watu wengine. Alikuja, akapiga magoti mbele yangu, akagusa mkeka, akanusa vidole vyake. Kisha akaniinua.

"Hapana," alisema.

"Unasema nini?" bibi aliuliza.

"Nimesema hapana, mama. Huyu ananikaukia."

"Mweke chini. Huyo ni mtoto wa mwanangu."

"Ni wa mwanao. Na mimi ndiye niliyemzaa."

Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo, wala sikumsikia tena maisha yangu yote. Mzee alitazama chini, akauondoa waya kwenye moto polepole, kama mtu anayetaka asionekane. Bibi alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Mayu.

"Ukitoka hapa na huyo mtoto akakufia huko," alisema, sauti yake imepungua badala ya kupanda, "usirudi kwenye mlango huu."

Mayu alikuwa tayari ananifunga mgongoni kwa kanga. Hakuchukua kitu kingine. Miguu yangu ilikuwa inaning'inia hadi magotini kwake, nikaona aibu kwamba watoto wa shule watatuona. Alipita katikati ya shamba jeusi lililochomwa hadi barabarani, na kila hatua ilinigonga kwenye taya. Sikuona uso wake. Niliona shingo yake tu, imelowa, na kipuli kimoja kinacheza.

Lori la pamba lilitukuta tumeshatembea sana. Lilikuwa limejaza magunia mpaka juu, linaelekea kwenye kiwanda cha kuchambulia. Dereva alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambaa shingoni. Alipotuona tu alipunguza mwendo, na aliponiona shavu alifungua mlango wa mbele bila kuuliza tunakwenda wapi.

"Huyu amekunywa maji leo?" aliuliza tulipoondoka.

"Hanywi. Amekataa kabisa."

Alitoa chupa chini ya kiti, akanipa. Maji yalikuwa yanacheza ndani, yana mwanga. Nilikuwa na kiu ambayo siwezi kuisimulia. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa, na nilipoona yale maji macho yalitaka kutoka. Nikaisukuma chupa kwa mikono miwili. Mayu alijaribu tena, nikageuza uso dirishani. Hapo ndipo alipolia. Alilia bila sauti, ameshikilia chupa ya mtu mapajani, na dereva alitazama mbele, akaongeza mwendo.

"Wabeja," Mayu alimwambia alipotushusha kwenye geti la hospitali. Asante. Sidhani kama alisikia, lori lilikuwa linanguruma.

Daktari alikuwa yuleyule wa miwani. Alinitambua. Aliminya chini ya taya langu kwa vidole viwili, akajaribu kunifungua mdomo, akaona haufunguki. Akamwita muuguzi kwa jina, mara moja, kwa sauti ambayo ilifanya watu kwenye benchi wageuke. Walinilaza. Walitafuta mshipa mkononi wakaukosa, wakautafuta tena mkono wa pili.

"Kwa nini hanywi?" daktari aliuliza. "Anaweza kumeza mate. Nimemwona anameza."

"Hata mimi sijui," Mayu alisema. "Tumembembeleza mpaka tumechoka."

Daktari akageuka akanitazama mimi. Naikumbuka sura yake ikija karibu, miwani imeteleza puani. Watu walikuwa wameulizana juu yangu siku zote zile, jikoni, uani, ndani ya lori. Yeye aliniuliza mimi.

"Kwa nini hutaki maji?"

Meno yakiwa yamebana, nilisema, "Utaota."

"Nini kitaota?"

"Mzizi."

Muuguzi aliyekuwa ameshika mkono wangu alisimama na sindano hewani. Hakuna aliyecheka. Nashukuru mpaka leo kwamba hakuna aliyecheka. Mayu alijifunika mdomo kwa kanga.

Daktari alivuta kiti, akakaa, ijapokuwa muuguzi alikuwa anamwonyesha kwamba muda hautoshi. "Sikiliza," alisema. "Jino halina uhai wa mti. Tunaita mzizi kwa sababu umeingia chini, basi. Ni mfupa. Umewahi kuona mfupa wa mbuzi umeota majani?"

Nilifikiria mifupa yote niliyowahi kuiona nyuma ya jiko letu. Nikatikisa kichwa.

"Hata ukiumwagilia?"

Hata ukiumwagilia.

"Kidonda cha jino kinauma, lakini kila siku kinatakiwa kiume kidogo kuliko jana. Chako kimezidi. Hicho kipande kilichobaki kimeingiwa na uchafu, usaha umejaa, unatafuta pa kutokea. Ndio unaousikia sikioni. Nitautoa, na kipande nitakitoa. Lakini sitaweza kufanya kitu mwili wako ukiwa mkavu hivi. Nahitaji unisaidie."

Akachukua kijiko, akachota maji, akakipitisha kati ya midomo yangu iliyopasuka. Niliyaweka maji mdomoni kwa muda. Nilimtazama Mayu. Kisha nikameza.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande: maji ya dripu yakidondoka kwenye mpira, sindano za dawa, harufu mbaya usaha ulipotoka, na afueni ya ghafla, kama mtu amekutua mzigo kichwani. Baadaye, mdomo ulipoanza kufunguka, daktari alinichoma ganzi, akakitafuta kile kipande kwa subira mpaka akakipata. Alikifunga kwenye pamba, akampa Mayu. Mayu hakuwa amelala tangu tuondoke nyumbani. Kitanda kilikuwa chembamba, na kila nilipofumbua macho alikuwa amekaa wima ubavuni kwangu, ananitazama kifua kama kinapanda.

Siku iliyofuata, mchana, wakati wa kuona wagonjwa, bibi aliingia wodini.

Alikuwa amevaa kanga zake za kanisani na amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko mtu anayetafuta kitanda. Alikuwa akitazama upande wa dirisha, ambako alilala mama mmoja nisiyemjua. Nadhani ndiko alikokuwa amelazwa Holo, lakini hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kisha akaja kwetu.

Mayu aliinuka. Alisimama mikono imeshuka, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Bibi hakumsalimia. Aliinama kwangu, akanishika kidevu. "Fungua," alisema. Nilifungua. Akachungulia ndani, mkono wake unanuka karafuu, akaangalia mpaka mdomo ukanichoka.

"Kilikuwa nini?"

Mayu alifungua ile pamba. Bibi akakichukua kile kipande, akakiweka kwenye kiganja, akakisogeza karibu na macho. Hakikuzidi punje ya mchele.

"Ni hiki?"

"Ndicho, mama."

Alikaa nacho kiganjani. Wageni walikuwa wanaingia na kutoka, watoto wao wanalia, mtu alidondosha sufuria. Bibi akakifunga tena kwenye pamba vizuri, akarudisha. Ndipo alipomtazama Mayu, kwanza miguu yenye vumbi la njia nzima, kisha macho.

"Umelala lini wewe?"

"Nitalala tukifika nyumbani," Mayu alijibu, na neno hilo nyumbani lilitoka kwa woga, kama swali.

Bibi alivua kanga ya juu, akaitandika sakafuni kati ya kitanda changu na ukuta. Akaikunja upande mmoja iwe mto.

"Lala sasa."

"Mama, mtoto..."

"Nipo."

Mayu alijilaza. Nafikiri alilala kabla kichwa hakijagusa ile kanga. Bibi aliketi kwenye ukingo wa kitanda changu, akawa anapunga nzi kwa ncha ya kanga aliyobaki nayo. Alinimiminia maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu, nikayanywa yote, akanimiminia tena.

Muuguzi mmoja alikuja na dawa, akaanza kuuliza kwa sauti kubwa nani ndugu wa mgonjwa. Bibi aliinua kidole, akamkazia macho.

"Polepole, binti. Mwanangu amelala."

Nilidhani ananitetea mimi. "Bibi," nikamwambia, "mimi niko macho."

"Nani amekutaja wewe?" alisema, na akaendelea kupunga nzi kule chini sakafuni.